Somo: Kumchagua Mtoa Huduma wa Intaneti kwa Biashara Yako Nairobi

Kwa kuwa swali la kampuni ipi ni nzuri huulizwa hapa kila mara, nami nimechoka kulijibu upya, naandika somo hili ili atakayeuliza tena aelekezwe huku.

1. Waulize wasimamizi wa jengo ni kampuni zipi zimekwisha kuingiza faiba (kebo ya intaneti) jengoni. Nyingine zote ziondoe kwenye orodha.

2. Jua unachonunua. Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) ni megabaiti 2.5 tu kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Uliza pia kasi ya kupakia, yaani ya kutuma data kutoka kwako, kwa sababu kamera za usalama na nakala za akiba huitegemea hiyo.

3. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Ahadi ya upatikanaji wa asilimia 99.5 inaruhusu saa 3.6 za kukatika katika mwezi wa siku 30, ilhali asilimia 99.9 inaruhusu dakika 43. Fidia iandikwe humo, pamoja na muda wa fundi kufika.

4. Laini ya akiba. Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo someni polepole. Kulipa kampuni mbili hakumaanishi kuwa una njia mbili. Nimeiona ofisi ya uhasibu yenye mikataba miwili ikizimika yote kwa pamoja, kwa sababu kebo zote mbili zilipita kwenye mtaro mmoja, na wachimbaji wa barabara walizikata kwa pigo moja. Shuka barabarani, uzifuate kebo kwa macho tangu zinapotoka jengoni: zikining'inia kwenye nguzo zilezile za umeme, lori moja likigonga nguzo linakumalizia zote. Usikubali neno la muuzaji. Mwambie mhandisi wao akuchoree njia, kisha uiambatishe kwenye mkataba. Ikiwa njia ni moja, akiba yako iwe ya mtandao wa simu au ya setilaiti.

5. Modemu na ruta ziunganishwe kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme stima ikikatika.

MASWALI

Swali: Nitajie tu kampuni ya bei nafuu.
Jibu: Hujasema hata jengo lako liko wapi. Rudi hatua ya kwanza.

Swali: Nina duka la vipuri Kirinyaga Road. Intaneti naitumia kwa ankara za eTIMS (mfumo wa ankara za kodi wa KRA) na kamera nne ninazozitazama nikiwa nyumbani. Je, furushi la nyumbani litanifaa?
Jibu: Ahsante kwa kueleza vizuri, ndugu. Ankara hazihitaji kasi kubwa, kwa hiyo upande huo halina shida. Tatizo ni kamera: mafurushi mengi ya nyumbani huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP (nambari inayotambulisha muunganisho kwenye intaneti), hivyo huwezi kuifikia mashine ya kurekodi moja kwa moja. Tumia kamera zinazopitia programu ya mtengenezaji, au uombe anwani ya umma isiyobadilika, ambayo kwa kawaida hulipiwa.

Swali: Basi njia tofauti hapa mjini inatosha?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Haitoshi. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Iulize kila kampuni hutumia mikongo ipi, kisha uchague kampuni mbili zisizotegemea mkongo uleule.

Swali: Mbona kampuni yangu ya intaneti inakataa kunilipa fidia ya kukatika?
Jibu: Uliandika saa ya kila kukatika na nambari ya tiketi waliyokupa uliporipoti? Bila rekodi hiyo huna la kudai. Ukiwa nayo, andika malalamiko kwa kampuni kwanza. Wakikupuuza, yapeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano.