Namna ya kupima utaifa ndani ya Tamko la Monroe la 1823

Ukiulizwa utaifa uliathiri vipi sera ya nje ya Marekani ilipokuwa taifa changa, usijibu kwamba Wamarekani waliipenda nchi yao. Hilo halipimiki. Chukua uamuzi mmoja uuchambue; Tamko la Monroe, onyo la Rais James Monroe kwa Ulaya isiingilie mambo ya Amerika, ndilo linalofaa kuliko yote.

1. Soma hotuba yenyewe. James Monroe aliipeleka Kongresi tarehe 2 Desemba 1823. Ni ndefu, lakini tamko limo katika aya ya 7, 48 na 49 tu. Achana na muhtasari: huunganisha aya ya 7, iliyotokana na madai ya Urusi pwani ya kaskazini-magharibi, na zile mbili za mwisho, zinazohusu makoloni ya Hispania yaliyojikomboa.

2. Orodhesha madai. Ulaya isianzishe makoloni mapya Amerika, isiingilie jamhuri zake, na Marekani haitajitia katika vita vya Ulaya.

3. Chora jedwali la tarehe, kwa mkono, kwenye karatasi. Safu moja ni ya siku jambo lilipotokea, nyingine ya siku habari ilipofika Washington. George Canning, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alimwandikia Richard Rush, mwakilishi wa Marekani London, tarehe 20 Agosti, akipendekeza tamko la pamoja la kupinga Ulaya kuyaingilia makoloni ya Hispania yaliyojikomboa. Monroe alilipata pendekezo hilo Oktoba. Mwezi huohuo Ufaransa ikamhakikishia Canning kwamba haitatumia silaha dhidi ya makoloni hayo, ila Washington haikuwa na habari hiyo ilipoanza kujadiliana Novemba. Bila safu ya pili utaandika kwamba Monroe alitamba akijua hatari imepita.

4. Tenganisha utaifa na maslahi. Chora jedwali la pili, lenye safu ya utaifa, ya maslahi ya kupanua nchi na ya siasa za uchaguzi. Hapa ndipo insha nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Anza na swali hili: kwa nini Marekani ilikataa msaada iliouhitaji? Manowari za kuizuia Ulaya zilikuwa za Uingereza. Jefferson na Madison, marais wastaafu, walishauri pendekezo likubaliwe. John Quincy Adams, Waziri wa Mambo ya Nje, akapinga katika kikao cha baraza la mawaziri cha tarehe 7 Novemba: ni heshima zaidi kuwaeleza Urusi na Ufaransa misimamo yetu waziwazi kuliko kufuata nyuma ya manowari ya Uingereza kama kidau. Hoja ya heshima ya taifa ndiyo hiyo. Iweke safu ya utaifa.

Usiishie hapo. Canning alitaka pia pande zote mbili ziahidi kutojitwalia koloni lolote la Hispania, na Adams hakutaka kujifunga kuhusu Cuba na Texas. Hayo ni maslahi ya kupanua nchi; yaweke safu yake. Tena alikuwa akiutaka urais katika uchaguzi wa 1824, na kuonekana mfuasi wa Uingereza kungemgharimu kura. Hiyo nayo ina safu yake. Hoja ikiingia safu mbili, iandike katika zote mbili ueleze sababu. Kuilazimisha safu moja ni kuipotosha.

5. Jaribu kwa Ugiriki. Rasimu ya Monroe iliwaunga mkono waziwazi Wagiriki waliokuwa wakipigania uhuru dhidi ya Waosmani. Adams akapinga, kwa kuwa ni jambo la Ulaya, yakabaki maneno ya matumaini. Tumia mfano huu kuonyesha mipaka ya utaifa huo.

6. Linganisha na 1812, kwa sentensi mbili. Baraza la Wawakilishi lilipitisha vita dhidi ya Uingereza kwa kura 79 dhidi ya 49, na hakuna Mfederali, yaani mbunge wa chama cha upinzani cha Federalist, aliyeunga mkono. Kwa hiyo usiandike "Wamarekani wote". Taja chama, eneo au mtu.