Moyo, ini, ulimi, shingo: nyama ya kulungu na mbuzi inayotupwa bure

Sheria kwanza, tusije tukaponzana. Hapa Kenya swala na wanyama wengine wa porini hawaguswi. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimchekei anayekamatwa na nyama ya msituni. Kwa hiyo unayesoma haya ukiwa Nakuru, Kisumu au Kakamega, mnyama wako ni mbuzi, na karibu kila nitakachosema kinamfaa. Ila shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaishi Minnesota, Marekani, na huko kila Novemba watu hukata kibali wakaenda kuwinda kulungu, yule wa kwao wanayemwita deer. Alikuwa akibeba mapaja, nyama ya mgongo na kidogo ya kusaga, mengine yote anawaachia kunguru. Mimi nauza supu na nyama mjini Nakuru, mbuzi wangu hutoka Mogotio na Marigat, na kwangu moyo ukitupwa ni kesi. Tumebishana sana kwa simu. Nimemfundisha jiko, naye amenifundisha tabia za mnyama wake, maana kuna mahali kulungu na mbuzi wanaachana kabisa.

Shika hili moja: nyama hizi zina njia mbili tu. Kuna za moto mkali wa dakika chache, na kuna za moto wa pole wa saa nyingi. Ukisimama katikati utatafuna mpaka kesho. Wengi wanaosema hawapendi figo au ulimi walipikiwa hapo katikati.

Kazi huanza pale mnyama anapopasuliwa. Kwa mbuzi, kitu cha kwanza ninachotafuta ni nyongo. Naikata pamoja na kipande kidogo cha ini ili isipasuke, kwa sababu ikimwagika, ini lote linakuwa chungu. Nilimhubiria shemeji habari za nyongo hadi akaniambia amepekua ini zima na hakuiona. Ni kweli: kulungu wa jamii ile hana kifuko cha nyongo. Mungu amewapunguzia kazi.

Badala yake wana shughuli ya risasi. Risasi ya risasi, yaani ile ya madini laini mazito, hupasuka ndani ya nyama na vipande vyake vidogo husambaa mbali na tundu, vingine huwezi kuviona kwa macho. Kata nyama pana kuzunguka jeraha na uitupe bila huruma, usimpe hata mbwa. Kama risasi imepita kifuani, usiokoe moyo uliochanika. Kama imepita tumboni na kinyesi kimemwagika, sahau matumbo na figo za siku hiyo. Wanaotumia risasi za shaba wana nafuu hapo.

Sasa ini. Litazame kabla hujalipenda. Liwe na rangi moja, laini, kingo nyembamba. Ukikuta malengelenge yenye maji, vijipu au mabaka magumu meupe, liache. Lipasue mara mbili tatu uangalie mirija: mbuzi waliolishwa penye majimaji hupata minyoo ya ini, na kulungu wa upande wa Minnesota wana mnyoo wao mkubwa wa ini. Nyama nyingine inaweza kuwa nzima, lakini ini la namna hiyo silipiki. Mbuzi anayepita machinjioni hukaguliwa na kupigwa mhuri. Wa kuchinjwa nyumbani, mkaguzi aitwe. Mwindaji naye hana mkaguzi pale msituni, kwa hiyo macho yake lazima yafanye kazi.

Ini zuri livue ile ngozi nyembamba inayolifunika. Ingiza ukucha pembeni, inua, vuta polepole, itatoka yote. Ukiiacha, ini hujikunja kwenye kikaango. Kata vipande vya unene wa kidole kidogo, uloweke kwenye maziwa nusu saa ikiwa harufu inakusumbua, kisha ukaushe kwa kitambaa, maana ini lenye maji huchemka badala ya kukaangika. Kaanga vitunguu peke yake hadi viwe rangi ya dhahabu, uvitoe. Ongeza moto, mafuta yatoe moshi kidogo, weka ini bila kulirundika. Upande mmoja dakika mbili, geuza, dakika moja na nusu. Rudisha vitunguu, kamua ndimu, chumvi sasa hivi na si kabla. Ndani lisiwe na damu, hasa la mnyama wa porini. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 71. Na mjamzito asilipakue sana, kwa sababu ini limejaa vitamini A kupita kiasi.

Moyo ndio ninaowaanzishia waoga, kwa kuwa ni msuli tu, ladha yake haiko mbali na ya steki. Upasue upande mmoja uukunjue kama kitabu. Toa damu iliyoganda, zile kamba nyeupe za ndani, mirija ya juu na mafuta magumu yanayouzunguka. Osha mpaka maji yawe safi. Kata vipande vya mshikaki, changanya na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili ya kusaga, ndimu na mafuta kidogo, uache saa mbili. Makaa yawe mekundu, yasiwe na ulimi wa moto. Mishikaki ya moyo haihitaji kuzungushwa kama mahindi ya barabarani, geuza mara mbili inatosha. Wateja wangu wa jioni huumaliza kabla sijafikia mbavu.

Kwenye kundi hilohilo la moto mkali weka figo, sarara, yaani ile nyama laini ya ndani ya kiuno, na kiwambo, ule msuli mwembamba unaotenganisha kifua na tumbo, ambao wachinjaji wengi wa hapa huula wenyewe kabla mwenye mbuzi hajageuka. Figo ipasue katikati kwa urefu, ukate kile kiini cheupe chote kwa ncha ya kisu, loweka kwenye maji yenye chumvi na siki, kisha kaanga haraka. Za mnyama mzee afadhali uziache, kwa kuwa figo hukusanya madini mabaya miaka inavyosonga. Korodani nazo zina wenyewe. Huagizwa kwa sauti ya chini, na hulipwa bila kuomba bei ipunguzwe. Zivue ngozi zote mbili, kata visahani, pakaza unga na chumvi, kaanga.

Upande wa moto wa pole ndio penye utajiri. Shingo na muundi wa mguu, nyama ambayo shemeji alikuwa akiisaga yote kwa sababu "imejaa mishipa". Mishipa ndiyo supu! Ikipata saa tatu kwenye maji yanayotokota kidogo tu, inayeyuka na kuufanya mchuzi ushike midomo. Anza kwa kuikausha nyama kwenye sufuria yenye mafuta hadi ipate rangi, ndipo uweke kitunguu, tangawizi nyingi, nyanya moja, maji ya moto na kifuniko. Chumvi nusu mwanzoni, nusu mwishoni. Usiharakishe kwa kuongeza moto, nyama itakaza. Dhania mwishoni kabisa, na ugali uwe mgumu.

Ulimi huchemshwa saa mbili na nusu hivi, wa kulungu mkubwa hata tatu. Uvue ngozi ukiwa bado wa moto, kwa sababu ukipoa ngozi hung'ang'ania na utaishia kuuchonga. Kata vipande, uukaange na kitunguu, hoho na nyanya.

Hapa lazima niseme kitu ambacho kwa muuza supu ya kichwa kinauma. Kichwa cha mbuzi nakichoma manyoya, nakikwangua, nakipasua, nakichemsha usiku na ubongo wake ndani. Kichwa cha kulungu wa Marekani usikifanyie hivyo. Kuna ugonjwa unaowakondesha kulungu na kuharibu ubongo wao, Minnesota upo, na kinachouleta hakifi kwa kuchemshwa. Hajathibitishwa mtu aliyeambukizwa, lakini wataalamu wa huko wanashauri mnyama wa maeneo yenye ugonjwa apimwe kabla ya kuliwa, na asiliwe akipatikana nao. Hata mzima, acha ubongo, macho, uti wa mgongo, bandama na tezi. Kwa hiyo shingo yake itoe mfupani kabla ya kuipika, na ulimi ukate mbele, usiuchukue na shina lake la kooni penye tezi. Tezi nyingine utazikuta zimejificha kwenye mafuta ya bega na paja, vijidonge vya kijivu. Mnyama aliyekuwa amekonda na kuyumbayumba asipigwe risasi kwa ajili ya chakula, mamlaka za huko ziarifiwe.

Mafuta yake pia si ya kuhifadhi. Ya mbuzi nayatumia, ya kulungu huganda kinywani mara chakula kinapopoa. Yakate, ukaangie mafuta mengine, na ule kukiwa na moto.

Matumbo sitayarefusha. Ya mbuzi yaoshwe siku hiyohiyo, yapitishwe maji ya moto, yakwanguliwe hadi yawe meupe, kisha saa mbili na tangawizi. Ya kulungu yanawezekana kwa njia hiyo, lakini kwenye theluji, mbali na maji ya bomba, simlaumu anayeyaacha.

Mutura, ule utumbo tunaoujaza nyama na damu kisha tukauchoma, ndio shemeji alioulilia zaidi, mtoto wa Nakuru yule. Damu ya mnyama aliyepigwa risasi siiamini, na utumbo wake ni taabu. Nilimwambia anunue utumbo mkubwa uliosafishwa, asage mabaki ya mbavu, moyo na vipande vya ubavu, aongeze mafuta ya ng'ombe, vitunguu, dhania, pilipili na chumvi. Aujaze bila kuubana sana, aufunge kwa uzi, auchome matundu kwa sindano, auchemshe taratibu hadi uive ndani, ndipo aupeleke kwenye makaa ukauke ngozi. Bila damu, hata jirani yake Mwislamu hatakuwa na sababu ya kuukwepa kwa ajili ya damu, ingawa atauliza mnyama alichinjwaje na utumbo ni wa nani.

Ya kugandisha yafungwe vifurushi vya mlo mmoja mmoja, hewa itolewe, jina na tarehe viandikwe juu. Ini na figo zimalizwe ndani ya miezi mitatu au minne. Shingo na miundi vinaweza kungoja hadi Novemba inayofuata.