Siku ya mapumziko: presha jikoni, sindano za kufuma mkononi

Shoga leo huendi kazini basi usijitese, maharagwe yako uliyoyaroweka usiku yamwage maji yatie kwenye presha, lakini usizidishe nusu ya sufuria maana yanatoa povu na likiziba ile tundu ya mvuke ndo balaa. Maji yafunike maharagwe tu, tia kijiko cha mafuta povu lipungue. Kabla hujafunga uangalie ule mpira wa mfuniko, ukiwa umepasuka utangoja filimbi mpaka magharibi.

Ikishalia, punguza moto hapo ndo uanze kuhesabu, kama dakika 15 hivi, halafu zima uiache ishuke yenyewe. Mie siku moja nililazimisha mfuniko, dari nimelifuta wiki nzima!

Sasa huku unafuma. Kofia ya kichanga, sindano namba 4, na chukua uzi wa pamba, sufu kwa joto letu hili la Unguja ni kumuonea mtoto. Anza mishono 64, miwili ya mbele miwili ya nyuma, mistari kama minane ili ivutike, halafu endelea wazi, mstari wa mbele mstari wa nyuma, mpaka ifike sentimita 13 hivi ndo unapunguza juu na kushona ubavu. Filimbi ikilia usiruke tu, malizia mstari kwanza, ukiachia katikati mishono inachomoka.

Presha ikishashuka yenyewe kabisa, fungua, tia tui zito na chumvi, moto mdogo, usifunike tena.