Samadi na mbolea ya viwandani kwenye shimo moja: mung'unye, maboga na matango

Mimea ya jamii ya maboga hula sana kwa muda mfupi. Samadi peke yake haiendi na kasi hiyo, kwa kuwa naitrojeni yake nyingi bado imefungwa msimu wa kwanza. Mbolea ya viwandani peke yake hufika haraka, lakini kwenye udongo wa kichanga mvua huishusha chini ya mizizi, na kwenye udongo wenye tindikali fosforasi hunaswa na chuma na alumini. Zikikaa pamoja shimoni, samadi hushika maji na virutubisho karibu na mizizi, na ya viwandani huulisha mche tangu mwanzo.

Kazi nyingi huharibikia kwenye samadi. Iache kwenye lundo lenye unyevunyevu miezi 3 hadi 4, ukiligeuza mara kwa mara. Iliyoiva hunukia udongo, haina joto ukichomeka mkono ndani, na nyasi zake hazitambuliki tena. Samadi mbichi huunguza mizizi kwa amonia na hujaza shamba mbegu za magugu. Ikiwa na maranda ya mbao au mabua yasiyooza, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mche naitrojeni, nao hugeuka njano ukiwa bado mdogo.

Chimba mashimo kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, kila moja sentimita 45 upana na kina, udongo wa juu ukiuweka kando. Wiki 2 kabla ya kupanda, changanya udongo huo na kilo 5 za samadi ya ng'ombe au mbuzi, urudishe shimoni. Ya kuku ni kali. Kilo 2 zinatosha. Kwa hekta ni mashimo 2,500, yaani tani 12.5 za samadi ya ng'ombe, kwa hiyo anza kukusanya mapema.

Siku ya kupanda, weka gramu 30 za NPK 17:17:17, mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potashi kwa viwango sawa, kwa shimo (kisoda, yaani kifuniko cha chupa ya soda, kilichojaa hubeba takriban gramu 5, lakini ukiwa na mizani pima mwenyewe). Ichanganye na udongo kwenye kina cha sentimita 10, funika kwa sentimita 5 za udongo mtupu, ndipo uweke mbegu 3. Zikiota, bakiza miche 2. Usiruke udongo huo mtupu: mbegu ikigusa mbolea, chumvi huinyima maji na haioti.

Mbolea ya kukuzia ni CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu), gramu 20 kwa shimo, mara mbili. Ya kwanza ni mashina yanapoanza kutambaa, kwa kawaida wiki ya 3 au 4. Ya pili ni matunda ya kwanza yanaposhika, ukiongeza gramu 10 za mbolea ya potashi. Iweke kwa duara, sentimita 15 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu, kisha ifukie. Ukiwa na urea badala ya CAN, tumia gramu 12 tu, na kufukia hapo ni lazima. Ikibaki juu hupotea hewani.

Matango yanayopandishwa kwenye kamba hukaa karibu zaidi, basi hesabu kwa mita ya mraba: kilo 1.25 za samadi, gramu 7 hadi 8 za NPK, na gramu 5 za CAN kila mara.

Usichanganye chokaa au majivu na samadi wala CAN, maana naitrojeni itatoka kama amonia. Kama udongo unahitaji chokaa, iweke wiki kadhaa kabla.

Majani mapana ya kijani kibichi sana na maua dume matupu ni dalili ya naitrojeni iliyozidi. Acha awamu ya pili ya CAN, weka potashi peke yake. Kitako cha tunda kikioza, tatizo ni kalsiamu isiyofika kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu maji yanakuja na kukatika. Mwagilia kwa mpangilio na weka matandazo kabla ya kufikiria mbolea nyingine. Na vitunda vinavyonyauka vikiwa vidogo kama kidole mara nyingi havikuchavushwa. Hapo mbolea haisaidii: usinyunyize dawa asubuhi maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini, au chuma ua dume asubuhi hiyo na uliguse ndani ya ua jike.