SOMO: Jinsi ya kulinganisha bei za supamaketi, gulio na soko hapa Mexico City hela ifike mwisho wa mwezi

Habari zenu ndugu zangu. Hili somo nimeliahidi muda mrefu, maana kila mgeni akifika huku swali lake la kwanza ni lilelile, dada ninunue wapi kwa bei nafuu, na wengi wanaishia kununua kila kitu kwenye supamaketi ya kwanza waliyoiona karibu na nyumba alafu tarehe 20 hela imekata. Mimi naishi mtaa wa Portales, huu mwaka wa sita, kwa hiyo nawapa vile ninavyofanya mwenyewe hatua kwa hatua. Shikeni kitu kimoja kabla sijaanza: usitafute duka la bei rahisi, tafuta bei rahisi ya kila kitu peke yake. Duka lenye unafuu kwa kila kitu huku halipo, ukiambiwa lipo ujue ni tangazo.

Na ile alama ya $ mnayoiona kwenye lebo ni peso, sio dola, msishtuke.

HATUA YA 1: Andika bei ya kilo, sio bei ya pakiti

Chukua daftari au simu, andika vitu unavyonunua kila wiki tu. Vyangu ni 18: mchele, maharage, mafuta, sukari, mayai, maziwa, kuku, nyanya, vitunguu na kadhalika. Pembeni ya kila kimoja andika bei ya kilo au ya lita.

Kwanini nasisitiza hivi, ni kwamba vifungashio vya huku vinadanganya macho. Simama mbele ya rafu ya mafuta ya kupikia uangalie chupa chini kabisa, pale penye maandishi madogo. Chupa zote zina urefu uleule na unene uleule, ila hii ni lita moja, ile ya pembeni ni mililita 850. Tuseme ya mililita 850 ni peso 38 na ya lita kamili ni peso 42. Mkono unaenda kwenye 38 wenyewe. Gawanya sasa, ile ya 38 inakuja karibu peso 45 kwa lita, yani umechukua ya ghali ukidhani umeokoa. Mchele na maharage nao hivohivo, pakiti nyingi ni gramu 900. Mayai ndo yanachanganya zaidi maana supamaketi wanauza kwa idadi, 12 au 18 au trei ya 30, lakini duka la mtaani na gulioni wanakupimia kwa kilo, na kilo moja inatoa kama mayai 16 hivi, kwa hiyo lazima ushuke mpaka bei ya yai moja ndo ujue nani ana nafuu.

Alafu soma jina la kitu chenyewe. Boksi limechorwa picha ya ng'ombe na glasi ya maziwa, bei nzuri, ukigeuza kumbe ni "producto lácteo combinado" au "fórmula láctea", hayo sio maziwa kamili, yamechanganywa na mafuta ya mimea. Unayoyataka yameandikwa "leche" tu. Na jibini ikiwa na neno "imitación" iache hapohapo kama unamnunulia mtoto.

HATUA YA 2: Jua nani ni ndugu wa nani

Watu wananiambia nimelinganisha Walmart na Bodega Aurrerá. Sawa, ila hao ni kampuni moja, na Sam's Club ni wao pia. Bodega Aurrerá ndo mkono wao wa bei ya chini. La Comer, Fresko, Sumesa na City Market nao ni nyumba moja, na City Market ni ya wenye nazo, usiingie na njaa. Soriana na Chedraui wanajitegemea kila mmoja. Sasa kuna vile viduka vidogo vya Tiendas 3B, hizo B tatu ni Bueno, Bonito y Barato, yani nzuri, ya kupendeza na ya bei rahisi, vimeanza 2005 na sasa viko kila kona ya mji, vitu vimepangwa bado vimo ndani ya maboksi na vingi ni chapa yao wenyewe. Mimi vitu vikavu vyote nachukua huko, sukari, chumvi, tambi, sabuni ya kufulia, karatasi za chooni. Chapa hazijulikani lakini sijawahi kujuta.

OXXO, vile viduka vidogo vya kona, iko kila baada ya hatua mia, nenda kulipia bili na kuongeza salio, basi. Kununua chakula cha nyumbani pale ni kujiumiza.

HATUA YA 3: Angalia bei ukiwa nyumbani

Kuna ofisi ya serikali ya kumlinda mnunuzi inaitwa Profeco. Wana tovuti inaitwa Quién es Quién en los Precios, maana yake nani ni nani kwenye bei, unachagua mji, unachagua kitu na chapa yake, inakuletea supamaketi na bei ya kila moja. Ni Kihispania lakini simu inatafsiri. Ni bure na naona watu wetu hawaitumii kabisa, inanisikitisha kweli.

Pia mjue kwamba serikali ina makubaliano na kampuni kubwa za supamaketi kuhusu kapu la bidhaa 24 za lazima, yalianza 2022 wakati bei zimepanda, na Novemba 2024 yakawekwa upya kwamba kapu lote lisizidi peso 910, kabla ya hapo ilikuwa 1,039. Humo kuna mchele, maharage, mafuta, mayai, kuku, samaki wa kopo, sabuni. Hiyo 910 mimi naitumia kama kipimo, nikiona vitu hivyo vimenizidi sana najua nimekosea pahali.

HATUA YA 4: Siku

Mboga na matunda ya supamaketi usinunue Jumamosi. Jumanne na Jumatano ndo siku zao za ofa, Chedraui wanaita Martimiércoles, Walmart wana Martes de Frescura, La Comer wana Miércoles de Plaza. Kiangazi Soriana wana msimu wa Julio Regalado wenye ofa za 3x2, unabeba tatu unalipia mbili, hapo nabeba sabuni na dawa za meno za miezi kadhaa. Ila 3x2 ya kitu usichokihitaji bado ni hela imetoka.

HATUA YA 5: Tianguis

Hapa ndo moyo wa somo, nisomeni vizuri. Tianguis ni gulio, lile gulio tunalolijua sisi, linahama mtaa kwa siku, mtaa wako unaweza kuwa na lake Jumatano na mtaa wa pili Ijumaa. Neno lenyewe ni la Kinahuatl, yani wenyeji walikuwa na magulio haya kabla Mhispania hajafika. Utaliona kwa maturubai ya rangi ya waridi yamefunika barabara nzima. Uliza jirani, "¿qué día se pone el tianguis?"

Mboga, matunda na kuku, vyote vinunuliwe hapa. Zunguka kwanza mpaka mwisho bila kununua, angalia vibao, ndo urudi. Meza za mwanzoni karibu na barabara kubwa mara nyingi ni ghali kuliko za katikati. Unauliza "¿a cómo el kilo?" na kama hela ni ndogo unasema "deme diez pesos de cebolla", wanakupimia vitunguu vya peso 10 bila kinyongo. Watakukatia kipande cha embe au papai uonje, onja, hakuna deni. Watakuita marchanta, yani mteja wao, watakuita güerita ambayo ni mweupe, na mimi mweusi wa Tanga naitwa hivohivo, ni lugha ya upendo ya sokoni usikasirike. Ukishakuwa mteja wake anakuwekea pilón, hiyo ni nyongeza kabisa, ndimu mbili au kishada cha kotmiri juu ya mzani.

Jihadhari na jina moja: nyanya nyekundu huku ni "jitomate". Ukisema "tomate" unaweza kupewa zile za kijani zenye ganda kama karatasi, ni chachu, mchuzi wako unaharibika.

Ukifika mchana ule wanapoanza kufungasha, hapo wanauza kwa mafungu. Nyanya za kuivia kabisa, ndizi zenye madoa, pilipili hoho. Mimi fungu la nyanya nalisaga na kugandisha kwenye friji siku hiyohiyo, inanitosha wiki mbili.

Suala la mzani. Kuna meza nilinunua kilo mbili za viazi nikapima nyumbani vikaja kilo moja na robo tatu. Sikurudi kugombana, nilihamia meza nyingine na nikanunua kamzani kadogo ka kuning'iniza, nakabeba kwenye mfuko. Ukikatoa tu wanapima vizuri.

HATUA YA 6: Central de Abasto

Iko Iztapalapa, ilifunguliwa Novemba 1982, ni hekta 327, usidhani utaimaliza kwa siku. Huko ndo chakula kingi cha mji kinapitia. Unapanda metro peso 5, laini ya 8, unashuka Aculco au Apatlaco alafu unachukua basi dogo. Mtu mmoja peke yake haifai, bei nzuri ni ya "mayoreo" yani jumla, kwa boksi au gunia, kwa hiyo sisi tunaenda familia tatu mara moja kwa mwezi, tunagawana gunia la vitunguu na boksi la nyanya sebuleni kwangu. Vaa viatu vya kufunika vidole. Wale vijana wa mikokoteni wanapita mbio na mzigo wa juu kuliko kichwa chako wakipiga kelele "¡ahí va el golpe!", ukisikia hivyo toka njiani kwanza, maswali baadaye.

HATUA YA 7: Kaunta

Piga picha lebo ya rafuni kwa vitu vya bei kubwa. Kuna duka nililipia kuku bei tofauti na iliyoandikwa, nikaonyesha picha, wakarudisha tofauti palepale, maana sheria ya mnunuzi inamtaka muuzaji aheshimu bei aliyoitangaza. Beba mfuko wako, mifuko ya plastiki imekatazwa mji huu tangu Januari 2020. Na wazee wanaofungasha vitu mwisho wa kaunta wengi hawana mshahara pale, wanaishi kwa bahashishi, tafadhali msiwapite.

MASWALI YA WANACHAMA

binti_pwani: Dada mi nimetoka Houston mwezi uliopita, kule kodi wanaongeza kaunta. Huku nijumlishe asilimia ngapi?
— Usijumlishe kitu mdogo wangu. Bei iliyoandikwa ndo unayolipa, kodi ya IVA ya asilimia 16 imo ndani tayari. Na chakula kibichi cha kawaida kama mchele, mboga na nyama kodi yake ni sifuri.

Mzee wa Sembe: Mama naomba unisaidie unga wa ugali, nimenunua Maseca imetoka kitu cha ajabu.
— Shikamoo mzee wangu. Maseca mahindi yake yamechemshwa na chokaa kwanza kwa ajili ya tortilla, zile chapati za mahindi, ndo maana harufu na ladha ni nyingine. Nenda Mercado de Medellín mtaa wa Roma, wanauza vitu vya nchi za Amerika Kusini, utapata unga mweupe wa P.A.N. wa Wavenezuela. Umeshapikwa nusu, kwa hiyo mwaga kidogokidogo, unakaza haraka. Hapohapo kuna muhogo, unaitwa yuca, na ndizi za kupika ni plátano macho. Na mboga yako, mzee, waulize "quintoniles" gulioni. Ni mchicha wetu, mchicha kabisa. Mara ya kwanza kuuona nilisimama nikashika shina nikalinusa, machozi yalinilenga.

papa_wa_Goma: Jambo dada. Miye niko Tapachula na bibi na batoto batatu. Hatuna frigo, tuko kwa chumba moja. Hii mambo ni ya Mexico City tu ao hata huku inatumika?
— Karibu sana kaka, poleni na safari. Inatumika, tena kwa ndizi na muhogo nyie mko pazuri, mkoa wa Soconusco ndo unalima ndizi na yale maembe ya Ataulfo. Nenda soko la Sebastián Escobar, nunua kwa peso ya siku hiyo, "deme quince pesos de plátano", usijaze ndani kwenye joto lile. Mchele, maharage na mafuta chukua Bodega Aurrerá au Chedraui ukilinganisha kilo kama nilivyosema. Mayai hayahitaji friji, mwambie shemeji anunue nusu kilo kwa mara.

Dr_mtarajiwa: Kadi ya Costco au Sam's inalipa kwa mwanafunzi anayekaa peke yake?
— Hapana. Ada ya mwaka unaitoa kwanza ndo uanze kuokoa, na vitu ni vikubwa mpaka vinakuharibikia. Mkiwa wanne mnagawana sawa.

Neema K.: Na tortilla je, supamaketi au kile kiwanda kidogo cha mtaani?
— Kwa kilo supamaketi ni nafuu, hilo sibishi. Ila tortillería ya mtaani kwangu wanatwanga mahindi yao wenyewe, zinatoka kwenye mashine za moto unafungiwa kwenye karatasi, na yule mama ananiwekea moja mkononi yenye chumvi nile njiani. Hiyo tofauti ya peso chache nailipa kila wiki na nitaendelea kuilipa.