Kukata listi mafungu sawa kwenye Python, na namba 43 zilizonipotea

Juzi dogo mmoja kaniletea laptop, ana listi ya namba za simu 1,043 za wazazi, anataka kutuma meseji kwa mafungu ya 100 100 maana mtambo wa meseji haupokei zaidi kwa mpigo. Nikacheka, hili lilishanitoa jasho.

Hatua ya 1
Amua kwanza: mafungu ya vitu 100, au mafungu 100? Sio kitu kimoja. Hapa tunafanya la kwanza.

Hatua ya 2
Andika hivi:

def kata(listi, n):
    for i in range(0, len(listi), n):
        yield listi[i:i+n]

Basi. Usiweke if ya kulinda mwisho, namba[1000:1100] (namba ndo jina la listi yake) haileti erori, inakupa zile 43 zilizobaki na maisha yanaendelea.

Hatua ya 3
Hapa ndo pana kisanga. Kuna mstari mmoja watu wanapenda kuunakili kwa sababu unaonekana wa kijanja:

zip(*[iter(namba)]*100)

Mimi niliutumia, nikaujaribu na namba 1,000, ukatoa mafungu 10 safi kabisa nikauamini, kumbe 1,000 inagawanyika kwa 100 bila baki ndo maana! Siku ya kazi yenyewe mafungu yakatoka 10 tena na namba 43 za mwisho zikatupwa kimyakimya, hakuna erori wala onyo, nikashinda hadi usiku nalaumu mtandao, nalaumu salio, mpaka nilipohesabu kwa mkono. Kuanzia Python 3.10 unaweza kuongeza strict=True ndani ya zip ikupigie kelele badala ya kutupa, na ukikimbilia zip_longest inajaza None kwenye nafasi zilizobaki, sasa meseji utamtumia None? Mimi nimeachana nayo yote. Na ukijaribu chochote, jaribu na vitu 7 kwa mafungu ya 3, usijaribu na 6.

La dogo lilikuwa jingine. Kaandika mafungu = kata(namba, 100), halafu print(list(mafungu)) ili aone, halafu lupu ya kutuma, ikatuma sifuri. Ile yield inakupa jenereta (sio ya umeme lol), ukishaipitia mara moja imekauka. Kama utaipitia zaidi ya mara moja, ifanye listi mapema: mafungu = list(kata(namba, 100)).

Hatua ya 4
Una Python 3.12 kwenda juu? Futa fanksheni yote, tumia batched(namba, 100) kutoka itertools. Kila fungu linatoka kama tuple (kama listi, ila haibadilishwi) sio listi, kwahiyo mtambo wako ukidai listi zungushia list() kwa kila fungu. Nayo ni ya kupita mara moja tu, kama jenereta.

Hatua ya 5
Kabla ya kutuma, weka mstari huu, unasimamisha programu kama hesabu hazilingani (mafungu yawe listi tayari, maana nao unayapitia, jenereta itakauka):

assert sum(len(f) for f in mafungu) == len(namba)

Dogo alitaka kuuruka huu mstari, nikamwambia laptop hairudi mpaka auandike.