Omu na wati za jiko la mama wa Isyesye

"Fundi, koili imechoka, nibadilishie." Mama mmoja wa Isyesye aliniletea jiko la sahani moja hapa kibandani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, Julai, baridi ya kugonganisha meno. Maharage yalikuwa yanakesha motoni. Sawa, huku juu milimani maji yenyewe huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini si kwa kiasi hicho. Nikamwambia, "Mama, rudi nalo tu, jioni napita." Koili sibadilishi kwa kuambiwa.

Unahitaji namba mbili: volti (msukumo wa umeme) na ampea (wingi wa mkondo), zipimwe jiko likiwa linawaka. Soketi isiyobeba mzigo inadanganya. Kwake ilisoma 208. Nilipowasha jiko, ikashuka hadi 196.

Ampea napima kwa mita ya kubana, ile yenye taya zinazozunguka waya. Hapa vijana wengi hukwama: wanabana waya wa jiko mzima, mita inasoma sifuri, wanasema mbovu. Mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Bana waya mmoja tu. Mimi nina ekstensheni fupi niliyoichuna ganda la nje, nyaya zake zimeachana. Nikapata ampea 3.7.

Kama una multimita ya kawaida, kwa umeme wa nyumbani kaa mbali na tundu la 10A: ni la kupimia mkondo, ndani ni kama waya mtupu. Mimi niliwahi kusahau waya mwekundu kwenye tundu hilo, nikachomeka ncha kwenye soketi nipime volti. Cheche, breka chini, ncha moja ikayeyuka kama mshumaa.

Sasa hesabu. Ukinzani, yaani jinsi koili inavyouzuia mkondo, hupimwa kwa omu, nao ni volti gawanya kwa ampea: 196 ÷ 3.7 = omu 53. Nguvu ni volti mara ampea: 196 × 3.7 = wati 725. Mita ikisoma miliampea, gawanya kwanza kwa 1000.

Linganisha na kibati cha chini ya jiko: volti 230, wati 1000. Wati gawanya kwa volti ni ampea 4.35, kisha 230 ÷ 4.35, omu 53. Zilezile! Koili nzima kabisa. Kinachopungua ni umeme unaoifikia.

Volti 12 (208 toa 196) zilipotelea wapi? Jiko la mama liko uani, na umeme umevutwa kutoka nyumba kubwa kwa waya mwembamba wa taa, mita arobaini hivi, katikati umepindwa na kufungwa nailoni. Kanuni ni ileile: 12 ÷ 3.7, omu 3.2 za waya na kiungo. Na 12 × 3.7, wati 44 zinapasha waya badala ya sufuria. Kile kiungo kilikuwa cha moto mkononi, baada ya kuzima.

Nikavuta waya wa milimita 2.5. Volti 206, ampea 3.9, wati 803.

(Friji na pampu usizipigie hesabu hii, zina mota, volti mara ampea huzidi wati halisi.)

"Kwa hiyo LUKU itakula zaidi, mwanangu?" mama akauliza, akimaanisha mita yake ya umeme wa kulipia kabla.

Kidogo, mama: saa moja sasa ni uniti 0.8 (uniti moja ni wati 1000 kwa saa). Zamani ilikuwa 0.77, maana hata zile wati 44 za kupasha waya ulikuwa unazilipia. Wiki iliyofuata alipita na kibakuli cha maharage. Yalikuwa yameiva, chumvi ndiyo ilizidi.